Simu ya Mgonjwa wa Unga Ipokelewe



Wageni wanaofika Kwihara huja kuitazama nyumba ya tembe aliyokaa Daktari David Livingstone mwaka 1872, akingoja wapagazi na mahitaji ya safari yake ya mwisho. Hutazama vyumba, husikiliza habari za Stanley, kisha hurudi mjini Tabora. Miongoni mwa habari hizo ipo ya mfuko wa barua. Barua za Livingstone zilizotumwa kutoka Zanzibar mwishoni mwa mwaka 1870 zilikutwa hapa Unyanyembe mwaka uliofuata, zikiwa bado zimelala. Mwenyewe alikuwa mbali, mgonjwa, ameishiwa mahitaji. Jina lake lilikuwa limeandikwa, na njia ya misafara ilijulikana na kila mtu. Kilichokosekana ni mtu wa kuzibeba. Ndipo Stanley alipouchukua mfuko huo hadi Ujiji, mwezi Novemba 1871.

Nimeikumbuka habari hiyo kwa sababu ya mama mmoja jirani yangu, ambaye sitamtaja jina wala kitongoji. Mwanawe alikwenda Dar es Salaam kutafuta kazi, akapata utingo wa daladala, na huko akaanza kutumia heroini, ile ambayo mitaani huitwa unga. Baada ya miaka ya mateso alipokelewa katika kituo cha tiba, akawa anakunywa dawa ya methadoni kila siku, akapata nafuu. Baba yake alipofariki, alikuja nyumbani kuzika. Matanga yakapita, mambo ya shamba yakamzuia, na siku zikazidi zile alizoaga. Simu yake aliiuza alipoanza kushikwa na arosto. Kituo chake kilibaki Dar es Salaam, mwendo wa kilomita zaidi ya 800 kwa reli.

Mama yake alinijia jioni moja na simu yake ndogo ya tochi, pamoja na kipande cha karatasi kilichoandikwa namba. Nilimwuliza kama amekwisha kupiga. Alinijibu, “Namba ninayo, mwalimu, ila mtu sina.” Hakuwa amepiga. Aliogopa kwamba yeyote atakayepokea atamwuliza kwanza jina la mtoto na kijiji anachokaa, na kesho yake gari la polisi litasimama mlangoni.

Kijana huyo alipata nauli baada ya majuma matatu, akarudi kwenye kituo chake na kuanza tiba upya kwa dozi ndogo. Yeye amesalimika. Lakini majuma yale matatu yangeweza kuwa siku tatu, kama mama angalikuwa na mtu mmoja wa kumpigia simu bila hofu. Nina hakika kwamba jambo hili linahusu haki, wala si huruma peke yake.

UGONJWA NA DAWA YAKE

Wengi wetu tunamwona mtumiaji wa unga kuwa ni mhuni aliyechagua uhuni wake. Tunamwita teja, na tukishamwita hivyo tunaona tumemaliza kazi. Madaktari hawasemi hivyo. Heroini huubadilisha mwili hata ukawa haufanyi kazi bila hiyo. Mtu akiikosa, mwili huuma, tumbo huchafuka, usingizi hutoweka, na akili yote huelekea kwenye kitu kimoja tu. Kumwambia aache kwa nguvu zake mwenyewe ni sawa na kumwambia mgonjwa wa malaria aache kutetemeka.

Nchi yetu iliutambua ukweli huu mapema kuliko jirani zetu wengi. Mwezi Februari 2011 Hospitali ya Taifa Muhimbili ilianza kutoa methadoni, na huduma hiyo baadaye ikafika Mwananyamala na Temeke, kisha Zanzibar, Mbeya, Dodoma, Mwanza na Tanga. Mgonjwa hunywa dawa hiyo ya maji kila siku mbele ya muuguzi. Haimlevyi anayeitumia kwa kipimo chake. Humwondolea arosto, akaweza kula, kulala na kufanya kazi. Anayekunywa methadoni hana haja ya kujidunga sindano ya kuazimana, na kwa njia hiyo huepuka virusi vya UKIMWI na homa ya ini, magonjwa ambayo huwapata wanaojidunga mara nyingi zaidi kuliko wananchi wengine.

Lakini tiba hii ina sharti moja kubwa: isikatike. Mgonjwa aliyekosa siku kadhaa harudishiwi dozi yake ya zamani papo hapo, kwa kuwa mwili umekwisha kuisahau, na kipimo kilichokuwa dawa kinaweza kumwua. Vivyo hivyo, aliyekaa majuma bila unga kisha akaurudia kwa kiasi kile cha zamani yumo katika hatari kubwa kabisa ya kufa kwa kuzidisha. Hatari hiyo humkuta hasa anayetoka gerezani, anayetoka katika nyumba ya upataji nafuu, na huyu wetu aliyetoka mjini kuja kijijini kuzika baba yake.

Hapo ndipo simu inapokuwa sehemu ya tiba. Kwa dakika tano za maongezi muuguzi angeweza kumweleza mgonjwa anayesafiri namna ya kuhamishiwa kwa muda katika kituo kilicho karibu zaidi. Angeweza kumwonya asirudie unga, na kumfundisha mama dalili za kuzidisha: pumzi kuwa chache, midomo kugeuka rangi, mtu kutoamka anapoitwa.

LAINI NYINGI, MIKONO MITUPU

Mtu atasema, “Siku hizi nani hana simu?” Hesabu za nchi zinaelekea kumuunga mkono. Sensa ya mwaka 2022 ilituhesabu watu 61,741,120, na mwishoni mwa mwaka 2023 laini za simu zilizosajiliwa nchini zilikuwa zaidi ya milioni 70. Laini ni nyingi kuliko watu! Tusijidanganye, hata hivyo. Mfanyabiashara mmoja ana laini tatu mfukoni, na nyumba nzima ya watu wanane hutegemea simu moja ya mama.

Mgonjwa wa unga ndiye wa kwanza kuipoteza simu yake. Huiuza arosto inapombana. Huibiwa anapolala barazani. Hunyang'anywa anapokamatwa, na mara nyingi haioni tena. Akiwa nayo, huenda haina chaji, maana umeme wa kuchajia ni wa kulipia dukani. Ikiwa na chaji, huenda haina salio. Tangu tarehe 20 Januari 2020 laini zisizosajiliwa kwa alama za vidole na namba ya kitambulisho cha Taifa zilianza kufungwa. Mtu asiye na makazi, aliyepoteza karatasi zake zote, hushindwa kusajili laini mpya kwa jina lake. Hivyo hutumia ya mtu mwingine, nayo ikichukuliwa na mwenyewe, kituo cha tiba kinampoteza mgonjwa wake.

Kwa wanawake mambo ni mazito zaidi. Mwanamke anayetumia dawa za kulevya huificha hali yake kwa hofu ya kunyang'anywa watoto au kufukuzwa na mume. Simu anayoitumia mara nyingi ni ya mume huyo huyo. Ujumbe mmoja wenye neno “methadoni” unaweza kumtoa nyumbani usiku.

Kwa hiyo, tunaposikia kwamba huduma za afya sasa zinahamia kwenye simu, tuseme vema, kisha tuulize: simu ya nani? Programu nzuri iliyotengenezwa kwa simu kubwa ya intaneti, tena kwa lugha ya Kiingereza, haimfikii kijana wa Kwihara mwenye simu ya tochi ya kuazima.

NENO MOJA LA SALAMU

Yapo mambo madogo yaliyokwisha kujaribiwa jirani na kwetu, yakafaa. Nchini Kenya watafiti waliwafuatilia wagonjwa 538 waliokuwa wakianza dawa za kupunguza makali ya virusi vya UKIMWI, na matokeo yao yakachapishwa mwaka 2010 katika jarida la kitabibu la The Lancet. Wagonjwa 273 kati yao walikuwa wakipata ujumbe mfupi kila juma kutoka kwa muuguzi, na 265 walipata huduma ya kawaida. Ujumbe wenyewe ulikuwa neno moja tu: “Mambo?” Mgonjwa alitakiwa kujibu katika siku mbili, ama “Sawa” ama “Shida”. Aliyejibu “Shida” alipigiwa simu na muuguzi. Asiyejibu alipigiwa pia.

Waliotumiwa salamu hiyo walizishika dawa zao vizuri zaidi. Kati ya hao 273, wagonjwa 156 walifikia hali ya virusi kufubazwa katika damu. Kati ya wale 265 walikuwa 128. Mahesabu hayo yanamaanisha watu waliobaki hai na wazima kwa sababu mtu aliwauliza hali.

Hebu tulitazame neno hilo kwa makini. Halitaji ugonjwa wala dawa wala hospitali. Mume akilisoma, mama mkwe akilisoma, askari akilisoma, wote wanaona salamu tu. Halihitaji simu ya gharama wala elimu ya kidato. Nguvu yake haiko katika mtambo, bali katika muuguzi anayesubiri jibu, na ambaye jibu likiwa “Shida” ananyanyua simu. Bila muuguzi huyo, salamu ile ingekuwa sawa na mfuko wa barua uliolala Unyanyembe.

Hapa nchini pia tunao mfano. Mwaka 2012 ilianzishwa huduma ya Wazazi Nipendeni, ambapo mama mjamzito alituma neno MTOTO kwenda namba 15001 bila malipo, akawa anapata maelekezo ya ujauzito na malezi kwa Kiswahili. Hakuna aliyesema kwamba tusimtumie ujumbe mama huyo kwa sababu anaweza kuiuza simu. Tulimhesabu kuwa ni mtu anayestahili kuarifiwa. Mgonjwa wa unga anaomba kuhesabiwa hivyo hivyo.

NAMBA YA MGONJWA ISIWE NAMBA YA MTUHUMIWA

Nakuja sasa kwenye kiini cha hoja yangu. Mama yule hakupungukiwa na namba. Alipungukiwa na imani kwamba namba ile haitamgeuka.

Hofu yake haikutoka hewani. Sheria ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya ya mwaka 2015 inayahesabu matumizi yenyewe kuwa kosa. Mwaka 2017 sote tulisikia majina ya watuhumiwa yakisomwa hadharani jijini Dar es Salaam. Mamlaka inayosimamia mapambano haya ina namba 119, ambayo mwananchi huipiga bure kutoa taarifa. Ni namba yenye kazi njema, kwa kuwa wauzaji wakubwa wanaotajirika kwa maangamizi ya watoto wetu hawana budi kufichuliwa. Lakini mzazi wa kijijini hawezi kutofautisha taarifa ya kumkamata muuzaji na ombi la kumtibu mtoto, iwapo yote mawili anaona yanakwenda kwenye mlango mmoja.

Ndiyo maana nasema wazi kwamba anayeugua apigie watu wa afya. Wizara ya Afya ina namba yake ya bure, 199. Nchini Kenya ipo namba 1192, isiyo na malipo, ambayo shughuli yake ni ushauri kwa waliozidiwa na ulevi na dawa za kulevya. Huko Kanada, mwaka 2020, walikwenda mbali zaidi: walianzisha huduma ambayo mtu anayetumia dawa akiwa peke yake aliweza kupiga simu, na mwenzake wa upande wa pili alikaa naye kwenye laini, akinyamaza ghafla, msaada ulitumwa. Si lazima tuige kila jambo la wenzetu. Lakini tujifunze kwamba wao waliuliza kwanza namna ya kumzuia mtu asife, kabla ya kuuliza amekosa nini.

Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, inaziweka habari za afya ya mtu katika kundi la taarifa nyeti. Hiyo ni silaha mikononi mwa wanyonge, ikiwa itatumika. Kila huduma ya simu kwa waraibu iwaeleze wanaopiga, kwa maneno machache ya Kiswahili na mwanzoni kabisa mwa maongezi, kwamba jina si lazima na kwamba wanayoyasema hayatapelekwa polisi. Nayo ahadi hiyo iwe ya kweli. Siku itakapovunjwa mara moja, habari zitafika vijiweni kabla ya jua kuchwa, na simu hazitapigwa tena.

HOJA ZA WANAOPINGA

Wako wasemao kwamba kumpa mraibu simu ni kumpa mtaji wa kununulia unga. Hoja hii ina ukweli ndani yake, na kijana wetu ni shahidi. Kwa sababu hiyo sisemi tugawe simu kama njugu. Nasema tumpe njia ya kufikika. Kituo cha tiba kiandike namba mbili au tatu badala ya moja: ya mgonjwa, ya ndugu anayemwamini, na ya mtu wa jirani aliyekubali kubeba ujumbe. Mgonjwa mwenyewe ndiye achague watu hao, na aseme ujumbe uwe wa namna gani.

Wako wasemao pia kwamba simu hiyo hiyo ndiyo anayotumia muuzaji kumwita. Ni kweli. Muuzaji hupiga, na huwa hakosi salio. Basi je, ni busara kumwachia muuzaji awe ndiye mtu pekee anayempigia?

Na wako wasemao kwamba tukimsaidia hivi tunabariki dhambi yake. Kwao najibu kwa mfano ambao kila mmoja wetu anaujua tangu utotoni. Yule Msamaria hakumwuliza majeruhi alifuata nini katika barabara ile yenye wanyang'anyi. Alimfunga majeraha, akamfikisha penye nyumba ya wageni, akalipa, na akaahidi kupita tena. Tunasifu sana mafuta na divai, tukaisahau ile ahadi ya kurudi kumtazama. Kufuatilia hali ya mgonjwa kesho na keshokutwa ni nusu ya wema wote.

YANAYOTUPASA

Kwanza, tunaiomba Serikali iongeze vituo vya tiba, maana hakuna simu iwezayo kumnywesha mtu dawa. Simu humshika mkono mgonjwa hadi mlangoni. Lazima mlango uwepo, tena si mbali mno. Na kwa wale waliokwisha kuandikishwa, kila mmoja apewe namba ya kituo chake kabla hajasafiri, na aelezwe namna ya kuhamishwa kwa muda.

Pili, kampuni za simu, ambazo tunazichangia kila siku kwa senti zetu, zifanye simu na ujumbe wa huduma hizi kuwa bure kabisa, hata kwa laini isiyo na salio.

Tatu, zahanati zetu na ofisi za parokia ziweke simu moja yenye chaji, katika chumba chenye mlango, ambapo mtu yeyote anaweza kumpigia muuguzi bila kuulizwa sababu. Gharama yake haizidi ya kreti chache za soda tunazonunua kwenye sherehe.

Nne, kila jumuiya iwe na mtu mmoja au wawili waliofundishwa kubeba ujumbe na kufunga mdomo. Nasisitiza kufunga mdomo. Ardhi hii ya Unyamwezi ilijulikana tangu Bagamoyo hadi Ujiji kwa wapagazi wake, watu waliobeba mzigo wa mwingine safari ya miezi. Mzigo ninaouomba leo ni mwepesi: neno la salamu kila Jumatatu, na miguu ya kwenda kumtazama asiyejibu.

Mama yule bado ana kile kipande cha karatasi. Hivi karibuni nilimsaidia kuandika juu yake jina la muuguzi mmoja, ambaye alikubali kupokea simu yake. Aliikunja karatasi, akaitia katika fundo la khanga, akaniambia sasa anaweza kulala. Tuwafanyie hivyo na wengine.

MASWALI YA KUJADILI KATIKA JUMUIYA

1. Je, katika eneo letu yuko mtu anayetumia dawa za kulevya ambaye tumeacha kumsalimu? Tuliacha lini, na kwa sababu gani?

2. Mzazi akitaka msaada kwa ajili ya mtoto wake leo usiku, atampigia nani, na kwa simu ya nani?

3. Ni nani miongoni mwetu anaweza kuaminiwa kubeba ujumbe wa mgonjwa bila kuutangaza?

4. Tutachukua hatua gani moja kabla ya kukutana tena?